Teenage Kicks: wimbo wa Derry uliokataa kuzeeka

Ndugu wasomi, leo tuweke kidogo pembeni mambo ya dosye na konkuru, tuongee historia. Na historia yenyewe ni ya wimbo. Najua kuna wenye watauliza: wimbo nao ni historia? Mutaona.

Mwezi wa 11 mwaka 1978, katika orodha ya diski zinazouzwa sana Uingereza, wimbo wa vijana watano kutoka mji wa Derry, Irlandi ya Kaskazini, ulipanda mpaka nafasi ya 31. Ukaishia pale. Jina lake "Teenage Kicks", yaani kama kusema raha za ujana, na kikundi kinaitwa The Undertones. Wiki zile Waingereza walikuwa wananunua "Summer Nights" ya John Travolta na Olivia Newton-John, iliyokaa namba moja wiki 7 nzima. Iliposhuka, nafasi ikachukuliwa na Boomtown Rats wa Dublin na "Rat Trap" yao. Leo, kumpata kijana wa miaka 20 anayeijua "Rat Trap" kwa kichwa, utahangaika. Lakini ule wa nafasi ya 31 unaimbwa bado, na watoto waliozaliwa miaka 30 nyuma yake wanaupiga kwenye gita zao za kwanza.

Sasa mtu atasema: ni bahati, wimbo mtamu unabaki. Bon, utamu upo, tutaufikia. Lakini nyimbo tamu zilizosahauliwa ni nyingi kuliko zenye zimebaki. Huu ulibaki kwa sababu ya uchaguzi fulani uliofanywa na vijana wenyewe, katika mahali ambapo uchaguzi ule haukuwa rahisi, halafu kuna watu wawili watatu waliosimama nyuma yake.

Tuanze na aina ya muziki, juu si wote wanaijua. Panki ilitoka New York na London katikati ya miaka ya 1970. Ilikuwa ya vijana waliochoka na roki ya wakubwa: solo za gita za dakika kumi, stidyo za bei ya juu, wanamuziki wanaokaa kama wafalme. Panki ikasema: chukua gita, jifunze akodi tatu, kesho panda jukwaani. Walipiga mbio, kwa makelele, na wengi waliimba hasira. Lakini mapema sana kukawa na wengine waliopenda mbio ile na makelele yale, bila kutaka kuacha melodi ambayo mama jikoni anaweza kuifuata kwa mdomo. Ramones wa New York walikuwa tayari kwenye njia hiyo mwaka 1976, na Buzzcocks wa Manchester wakaifuata. Tawi hilo likaitwa pop panki, na kutoka kwake ndipo walipotokea Green Day na Blink-182, ambao miaka ya 1990 waliuza diski kwa mamilioni. "Teenage Kicks" iko karibu na mzizi wa mti huo.

Sasa Derry. Ni mji wa pili kwa ukubwa Irlandi ya Kaskazini, karibu kabisa na mpaka wa Jamhuri ya Irlandi. Hata jina lake ni ugomvi: Wakatoliki wengi wanasema Derry, Waprotestanti wengi wanasema Londonderry, na ukitamka moja tu, mwenye anakusikiliza anajua uko upande gani, au anadhani anajua. Wakatoliki ndio walikuwa wengi mjini, lakini mipaka ya kupiga kura ilikuwa imechorwa kwa ujanja ili halmashauri ya mji ibaki mikononi mwa wengine, na mwenye halmashauri ndiye mwenye kugawa nyumba. Kazi nazo zilikuwa haba. Tarehe 5 mwezi wa 10 mwaka 1968 watu waliandamana kudai haki za raia, polisi wakawapiga mbele ya kamera za televisheni. Mwezi wa 8 mwaka 1969, kartye ya Bogside ilipigana na polisi siku tatu, mpaka jeshi la Uingereza likaingia mjini. Na tarehe 30 mwezi wa kwanza 1972, Jumapili, wanajeshi wa Uingereza walifyatulia waandamanaji risasi pale pale Bogside. Watu 13 walikufa siku ile, na wa 14 akafa baadaye kwa majeraha. Vita ile yote, mpaka mkataba wa mwezi wa 4 mwaka 1998, iliua zaidi ya watu 3,500, katika eneo lenye wakaaji milioni moja na nusu tu.

Nimetaja tarehe hizi kwa sababu moja. Jumapili ile ya 1972, vijana wetu watano walikuwa watoto wa miaka kati ya 11 na 14, na ule ulikuwa mji wao. Majina yao: Feargal Sharkey, mwimbaji. John O'Neill na mdogo wake Damian, magita. Michael Bradley, gita ya besi. Billy Doherty, ngoma. Hakuna mmoja wao aliyekuwa mwanamuziki wa kusomea. Sharkey peke yake ndiye alikuwa na jina kidogo, kwa maana utotoni alishinda vikombe katika mashindano ya nyimbo za asili ya Kiirlandi. Ile sauti yake inayotetemeka, yenye wengi wanadhani ni ya panki, ilitokea kule. Alipokuwa mkubwa alipata kazi ya kupeleka televisheni kwenye nyumba za watu. Wengine, kazi ilikuwa ya kubahatisha.

Walianza kujifunza katikati ya miaka ya 1970, nyumbani kwa akina O'Neill. Na hapa mufikirie kidogo hali ya muziki wa mahali pale. Mwezi wa 7 mwaka 1975, kikundi maarufu cha dansi cha Miami Showband kilikuwa kinarudi Dublin usiku kutoka kupiga muziki kaskazini. Watu waliovaa sare za kijeshi waliwasimamisha barabarani kama vile ni kizuizi cha kawaida, halafu wakawaua wanamuziki watatu. Nyuma ya pale, wanamuziki wengi wa nje hawakutaka tena kukanyaga Irlandi ya Kaskazini. Kwa hiyo kijana wa Derry aliyependa roki alikuwa na njia mbili: kusikiliza redio usiku na diski za kuazima, ama kujipigia mwenyewe. Undertones walifanya zote mbili. Waliisikiliza ile albamu ya kwanza ya Ramones mpaka ikawaingia damuni, na tangu 1977 wakaanza kupiga katika baa moja ya mjini iliyoitwa Casbah. Baa ndogo, watu ni walewale kila wiki. Ukiwa na watu walewale kila wiki, unalazimika kuandika nyimbo mpya, juu wakisikia ile ile watakuchoka. Pale ndipo John O'Neill alipojifunza kutunga. "Teenage Kicks" aliiandika mwaka huo wa 1977.

Mji wao haukuwapokea kwa makofi, musidanganyike. Kuna mtu aliandika matusi juu yao ukutani, kwa herufi kubwa. Wao wakaenda kupiga picha ukuta ule, wakaiweka picha kwenye karatasi ya kufunikia diski yao ya kwanza! Mimi peke yake jambo hili linanitosha kuwapenda.

Diski yenyewe karibu isitoke. Walituma kaseti kwa makampuni ya London, majibu yakawa hapana. Kufika 1978 kikundi kilikuwa kinavunjika, na kama wenyewe walivyoeleza baadaye, walitaka tu kuacha diski moja duniani kabla ya kila mtu kuenda njia yake, ushahidi kwamba waliwahi kuwapo. Aliyewafungulia mlango ni mtu wa Belfast, Terri Hooley. Hooley alikuwa na jicho moja la kioo tangu utoto wake, na duka la diski aliloliita Good Vibrations, kwenye barabara ya Great Victoria Street. Belfast ya wakati ile, katikati ya mji palizungushiwa mageti ya chuma, ulikuwa unapekuliwa kabla ya kuingia dukani, na usiku mji unakuwa kama makaburi. Great Victoria Street ilipigwa mabomu mara nyingi. Yeye akafungua duka la muziki pale pale, akasema atauzia kila mtu, Mkatoliki na Mprotestanti. Halafu akaanzisha kampuni ndogo ya kutoa diski za vijana ambao London haikuwataka.

Tarehe 15 mwezi wa 6 mwaka 1978, Undertones waliingia stidyo ya Wizard, Belfast. Nyimbo nne, kwa pesa kidogo, mambo yakaisha haraka. Zikatoka mwezi wa 9 kwenye diski moja ndogo ya mizunguko 45, ndugu wa zile wazee wetu walinunua za Franco na Tabu Ley. Karatasi ya kufunikia ilikunjwa kwa mikono. Hooley akabeba diski akaenda nazo London, akazunguka ofisi za makampuni, wakamkatalia zote. Lakini kopi moja aliiacha BBC, kwa mtu anayeitwa John Peel.

Hapa lazima tusimame. Peel alikuwa mtangazaji wa Radio 1 ya BBC tangu redio ile ilipoanza mwaka 1967, na alibaki pale mpaka kufa. Kipindi chake kilikuwa cha usiku, saa ambazo wakubwa wa redio hawajali sana, na ndiyo maana alikuwa anapiga anachotaka. Vijana wengi wa Uingereza na Irlandi walilala na redio chini ya mto kwa ajili yake. Sisi Wakongo tungemjua zaidi, juu ni katika kipindi hicho hicho, miaka ya 1980, ambapo Waingereza wengi walisikia kwa mara ya kwanza soukous ya Kanda Bongo Man na gita ya Diblo Dibala, pamoja na Bhundu Boys wa Zimbabwe. Mtu wa masikio mapana. Alikuwa na tabia ya kuandikia diski nyota, kutoka moja mpaka tano. "Teenage Kicks", inasimuliwa, aliipa nyota 28. Na usiku mmoja wa mwezi wa 9 mwaka 1978 alifanya kitu ambacho mtangazaji wa BBC hafanyi: wimbo ulipoisha, akaurudia pale pale. Mara mbili mfululizo.

Mtu mwingine alikuwa London siku zile, Seymour Stein wa kampuni ya Sire ya New York. Akausikia redioni, akiwa kwenye gari. Hakupoteza wakati: akatuma mtu mpaka Derry. Na Sire, mukumbuke, ndiyo ilikuwa kampuni ya Ramones wenyewe. Yaani wale vijana wa Casbah, waliojifunza gita kwa kufuatisha Ramones, katika muda wa wiki chache wakajikuta kwenye kampuni moja nao. Mwezi wa 10 Sire ikautoa wimbo upya, na tarehe 26 mwezi huo wakaonekana kwenye Top of the Pops, kipindi cha televisheni ambacho familia nzima ilikuwa inakaa kutazama. Walipanda na nguo zao za kila siku, suruali fupi zinazoonyesha soksi. Hakuna pini masikioni, hakuna nywele za kijani. Walikuwa wanafanana na vijana wanaosubiri basi.

Ndiyo hapo ugomvi ulipoanza, na ugomvi huo ndio moyo wa habari yangu.

Mwaka uleule, kikundi kingine cha Irlandi ya Kaskazini, Stiff Little Fingers wa Belfast, kilikuwa kimetoa "Suspect Device" na "Alternative Ulster". Nyimbo zile ziliimba hali kama ilivyokuwa: mabomu, wanajeshi, vijana waliochoka kusukumwa na pande zote. Magazeti ya muziki ya London yalizipenda sana. Na swali likawafikia Undertones kila mahali walipokwenda: nyinyi mumetoka Derry, mji wa Jumapili ya damu, na munaimba habari ya binti wa jirani? Hamuoni aibu? Stiff Little Fingers nao waligombana nao juu ya hilo. Jibu la Undertones lilikuwa upande wa pili wa fimbo: nyinyi munachukua mateso ya nyumbani munayafanya bidhaa kwa Waingereza.

Kusema kweli, pande zote mbili zilikuwa na haki kidogo. Nyimbo za Stiff Little Fingers ni kali, na hakuna mtu anaweza kusema vijana wa Belfast hawakuwa na haki ya kuziimba. Lakini mimi naegemea upande wa Derry. Sisi wenye tumekulia kwenye vita tunajua hii kitu: mgeni anakuja na kamera, anataka uongee risasi tu, na ukimwambia jana mulicheza mpira vizuri anafunga daftari. Undertones walikataa kufungiwa katika daftari lile. Kijana wa Bogside alikuwa anapita kizuizi cha wanajeshi asubuhi, na jioni anamuwaza binti. Kuwaza binti haikuwa kutoroka vita, ilikuwa nusu ya maisha yake ambayo hakuna gazeti liliandika. Na nusu hiyo, vita ndiyo inataka kuimeza ya kwanza.

Tena walipoona ni wakati wa kusema, walisema. Mwaka 1981 wafungwa wa jela ya Maze walianza mgomo wa kutokula, na tarehe 5 mwezi wa 5 Bobby Sands akafa. Siku zilezile Undertones walikuwa na wimbo mpya sokoni, "It's Going to Happen!", uliogusa jambo lile kwa mafumbo. Walipoupiga kwenye Top of the Pops, Damian O'Neill alifunga kitambaa cheusi mkononi. Hakusema neno. Nyumbani Derry kila mtu alielewa.

Sasa tuingie ndani ya wimbo, juu bila wimbo hakuna historia. Ni mfupi, hauzidi dakika mbili na nusu. Ngoma inagonga mara chache, magita yanaingia pamoja kama mlango unaosukumwa, na kutoka pale hakuna kupumzika. Akodi ni zile ambazo mwanafunzi wa gita anajifunza miezi ya kwanza. Mbio zake si za kichaa. Ukilinganisha na Ramones, uko taratibu kidogo, na upole ule ndio unaacha nafasi ya melodi kukaa. Mahali fulani wanapiga makofi, kama wale wasichana waimbaji wa Marekani wa miaka ya 1960 ambao John O'Neill aliwapenda. Maneno ni machache kabisa: kijana anamtamani binti wa mtaani kwao, anataka kumpigia simu, anataka kumkumbatia usiku mzima. Ni hayo tu. O'Neill mwenyewe hakuona kama ameandika kitu kikubwa. Kichwa cha wimbo alikiona cha kawaida mno.

Na juu ya muziki huo mwepesi, sauti ya Sharkey. Hapa ndipo siri yake ninavyoona. Mwimbaji mwingine angeimba maneno yale kwa kujigamba. Sharkey anaimba kama mtu ambaye hana uhakika atapata. Ile sauti inatetemeka, inakaza shingo, na wewe msikilizaji unajua kijana huyu binti bado hajamjibu. Mtu wa miaka 16 anajikuta pale, na mtu wa miaka 60 anakumbuka. Halafu angalieni vile hakuna kitu ndani ya wimbo kinachoufunga kwenye mwaka 1978: hakuna jina la waziri, hakuna mtindo wa nguo, hakuna hata jina la mji. "Alternative Ulster" leo inahitaji mwalimu wa historia akae pembeni yako akueleze. Huu hauhitaji mtu. Uchaguzi ule ule uliowaletea lawama ndio umeufanya usafiri.

Kikundi chenyewe hakikudumu sana. Walipata mafanikio makubwa zaidi katika orodha: "Jimmy Jimmy" nafasi ya 16 mwaka 1979, "My Perfect Cousin" nafasi ya 9 mwaka 1980. Muone ajabu: nyimbo zote mbili ziliuza kuliko "Teenage Kicks", na hakuna hata moja inayoifikia leo. Mwaka 1983 wakaachana. Sharkey akaenda peke yake, na mwaka 1985 akafika namba moja na "A Good Heart". Baadaye akawa kiongozi wa chama cha sekta ya muziki Uingereza, na sasa anapigania mito isichafuliwe na kampuni za maji. Ndugu wawili O'Neill wakaunda That Petrol Emotion, kikundi kilichoongea siasa waziwazi. Yaani wale walioambiwa hawajali. Mwaka 1999 Undertones walirudi jukwaani na mwimbaji mwingine wa Derry, Paul McLoone. Sharkey hakurudi.

Wakati huo wote Peel hakuacha. Vikundi vilizaliwa na kufa, mitindo ikabadilika mara kumi, yeye bado anasema redioni kwamba huu ndio wimbo anaoupenda kuliko zote. Mwaka 2001 aliambia gazeti kwamba kwenye kaburi lake, mbali na jina, anataka waandike mstari wa kwanza wa "Teenage Kicks". Tarehe 25 mwezi wa 10 mwaka 2004 akafa ghafla akiwa safarini Peru, na miaka 65. Mazishi yalifanyika katika kanisa kuu la Bury St Edmunds, na jeneza lilipotolewa nje, uliopigwa ni ule. Jiwe la kaburi liko katika kijiji cha Great Finborough, na maneno yameandikwa kama alivyotaka.

Kuna wenye wanasema basi, wimbo umebebwa na Peel, bila yeye usingefika mahali. Kuufikisha London, ndiyo, bila Peel pengine Stein asingeusikia, na vijana wangerudi kila mtu kwake. Lakini Peel alipiga maelfu ya diski katika miaka 37. Nyingine alizipenda kwa moyo wote, zikakataa kutembea. Mlango anaweza kukufungulia mtu. Kutembea ni kwako.

Na wimbo ulitembea kweli. Mwaka 2004 Wafaransa wa Nouvelle Vague waliurudia polepole kwa mtindo wa bossa nova, na wenye wanasikiliza muziki wa Kifaransa pengine waliujua kwa sauti ile kwanza. Mwaka 2012 ikatoka filamu juu ya Terri Hooley, yenye jina la duka lake, na ule usiku wa kupigwa mara mbili umo ndani. Halafu mwaka 2013 wakaja One Direction. Walichukua "One Way or Another" ya Blondie, wakaichanganya na "Teenage Kicks", kwa ajili ya kukusanya pesa za Comic Relief; sehemu ya klipu waliichukulia Ghana. Ikafika namba moja Uingereza mwezi wa 2 mwaka ule. Mashabiki wa panki walikasirika sana, eti wamechafua kitu kitakatifu. Mimi sioni tatizo. Watoto wa miaka 12 waliupiga kelele bila kujua Derry iko wapi, na ndivyo wimbo wenyewe ulivyotaka tangu mwanzo. Lakini hesabu inachekesha: miaka 35 kutoka nafasi ya 31 mpaka namba moja, na ulipofika, ulifika nusu yake tu, umebebwa na wavulana ambao hawakuwa wamezaliwa ulipotoka.

Nimalizie na ukuta mwingine. Belfast ni mji wa michoro ya ukutani. Kwa miaka mingi kila kartye ilichora wapiganaji wake, wamefunika nyuso, wameshika bunduki, ili mpita njia ajue ameingia kwa nani. Nyuma ya kifo cha Peel mwaka 2004, chini ya barabara ya juu ya Bridge End, mashariki mwa Belfast, upande ambao wakaaji wengi ni Waprotestanti, ulitokea ukuta wenye mstari wa kwanza wa "Teenage Kicks". Ule ule wa kaburini. Maneno ya vijana Wakatoliki wa Derry, kwa herufi kubwa, bila bunduki. Mwaka 2013 wafanyakazi wa idara ya barabara walipita na rangi, wakayafuta, pengine waliona ni uchafu wa kawaida. Watu wakalalamika, wa upande huu na wa upande ule, na baadaye maneno yakarudishwa ukutani.